Herufi L na R katika Ulyankulu

Katika Ulyankulu, nchi iliyokuwa chini ya Mtemi Mirambo hata alipofariki mwaka 1884, Kiswahili ni kimoja, lakini ndimi ni mbili. Kinyamwezi kina L, wala hakina R; Kirundi kina R, na L ni ngeni kwake. Basi Mnyamwezi aliyelelewa katika lugha ya kwao huelekea kusema “balabala”, naye Mrundi husema “kurara” badala ya kulala. Kila mmoja husikia kosa la mwenzake. La kwake halisikii.

Mwalimu na aangalie. Kalamu si karamu, wala mahali si mahari. Mtoto akikosea asichekwe, bali aonyeshwe: kwa L ncha ya ulimi hutulia ufizini na pumzi hupita kando, kwa R ncha hupiga ufizi na kuachia upesi.

Jambo hili si dogo. Warundi wengi walifika wakikimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000, wao na watoto wao, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Cheti kimekwisha kumfanya mtu raia, lakini sikio la jirani laweza kumwita mgeni bado.

Twakumbuka Waamuzi, mlango wa 12: Waefraimu waliuawa vivukoni mwa Yordani kwa kushindwa kutamka “Shibolethi”. Matamshi huonyesha lugha ya mama. Hayapimi akili wala haki ya mtu.