Fayawoli: namba ya kuulizia si ile iliyo kwenye boksi

Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala, Kikuubo ikiwemo, walifunga maduka kupinga EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Uganda (URA). Maduka yalifunguliwa tena, EFRIS ikabaki. Ankara husafiri kwa intaneti hadi URA, sawa na hati za forodha zinazopitia ASYCUDA. Katika ofisi nyingi, mlangoni mwa safari hiyo kuna fayawoli.

Kifaa hiki hufanya kazi ambayo wapita Malaba wanaijua vyema. Data husafiri katika vipande viitwavyo pakiti. Fayawoli husoma karatasi za kila pakiti, inakotoka na inakokwenda, huzilinganisha na kanuni ilizopewa, kisha huipitisha au huizuia. Za kisasa hufungua hata mzigo wenyewe, na hapo ndipo foleni huanza.

Muuzaji hupenda kutaja namba moja: gigabiti kwa sekunde. Namba hiyo hupendeza zaidi pakiti zikiwa kubwa. Laini ya gigabiti 1 iliyojaa pakiti za baiti 1,518 hupitisha takriban 81,000 kwa sekunde. Zikiwa za baiti 64, zinafika milioni 1.48. Laini ni ile ile, lakini karatasi za kukaguliwa ni mara 18. Ni kama shehena ya malori kuvushwa Malaba kwa bodaboda, kila boda na hati yake.

IETF, jumuiya inayotunga viwango vya intaneti, ilitoa mwongozo wa kupima fayawoli mwaka 2003, ikaubadilisha Machi 2023 kwa waraka RFC 9411. Mbali na wingi wa data, hupimwa miunganisho mipya kwa sekunde, miunganisho inayobebwa kwa wakati mmoja, na muda ambao data huchelewa ikikaguliwa. Ukaguzi nao uwe umewashwa wakati wa kupima.

Kwa wakala wa forodha mwenye makarani ishirini, namba hizo tatu zina uzito kuliko gigabiti. Ankara ni kitu kidogo: hufungua muunganisho, hutuma maneno machache, hufunga. Duka lenye mashine mbili halina haja ya kifaa cha bei kubwa. Swali kwa muuzaji ni moja: kasi hii ilipimwa ukaguzi wote ukiwa umewashwa? Anayenunua kifaa kidogo mno huishia kuuzima ukaguzi ili kazi iende, akabaki na boksi linalowaka taa.

Hata fayawoli nzuri hulinda mlango wake tu. Oktoba 2020 wezi waliingia katika mfumo wa kampuni iliyounganisha mabenki na pesa za simu nchini Uganda. Stanbic, MTN na Airtel zilisitisha kwa muda miamala ya kati ya benki na simu. Wateja wao walisubiri, wenye fayawoli na wasio nayo.