Mchagua Jembe Si Mkulima

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Msemo huo wawafaa vijana wetu wanaojifunza kutengeneza tovuti katika saa zao za mapumziko. Wengi hukwama kabla ya kuandika hata mstari mmoja, kwa kubishana juu ya lugha ipi ya kompyuta iliyo bora.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kibamba, kandokando ya Barabara ya Morogoro, mwenye ndugu Unguja na Pemba, anayetaka kutengeneza tovuti ndogo ya ratiba na nauli za boti. Ukurasa wa kusomwa tu hauhitaji zaidi ya HTML. Akitaka msomaji abonyeze na ukurasa ubadilike papo hapo, atumie JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa muda wa siku 10 hivi. Ikiwa ratiba yapaswa kuhifadhiwa na kubadilishwa kila siku, PHP au Python yatosha. Zote hizo hazilipiwi.

Ikumbukwe kuwa lugha hizo nazo zilianza kwa udogo. Mholanzi Guido van Rossum alianza Python katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, naye mtu wa visiwani, alianza PHP mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi. Leo Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, yaendeshwa kwa programu iliyoandikwa kwa PHP.

Basi swali la kwanza lisiwe sifa ya lugha, bali ni nani atakayeitunza kazi. Kijana achague lugha ambayo jirani yake aijua, ili akikwama apate wa kumsaidia, na akisafiri awepo wa kurekebisha nauli. Abiria aliyeachwa na boti kwa sababu ya ratiba ya zamani hatauliza tovuti iliandikwa kwa lugha gani.

Viongozi nao wana funzo lao. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za Hazina kwa mashine hizo kuleta hasara. Mashine isiyo na mafundi wake ni mzigo. Kwa hiyo twazishauri halmashauri, Bara na Visiwani, zifungue vyumba vya kompyuta vya shule nyakati za jioni, na kila kituo kianze na lugha moja, ili wanaojifunza wapate kusaidiana.