Gogo: Mkunga aliyesoma darasa moja na watoto aliowazalisha

Baadhi ya watoto waliosoma naye, ni yeye mwenyewe aliyewapokea walipozaliwa. Aliwakata kitovu, akawafuta, akawaweka kifuani mwa mama zao. Miaka kumi hivi baadaye Priscilla Sitienei alivaa sare kama yao, akaketi kwenye dawati na kufungua daftari.

Kwa Kiswahili gogo ni pande la mti, lakini kwa Wakalenjin ni nyanya. Ndilo jina alilojulikana nalo kijijini Ndalat, kaunti ya Nandi, na baadaye ulimwenguni. Alifariki nyumbani Jumatano, Novemba 16, 2022, akiwa na umri wa miaka 99, baada ya kupata matatizo ya kifua. Siku tatu kabla ya hapo bado alikuwa akienda darasani.

Huenda ulisoma habari zake wakati huo. Nami nilizisoma, nikatabasamu, nikaendelea na kazi. Nyanya wa miaka 99 akiwa na daftari ni habari tamu, na habari tamu hupita haraka kwenye simu. Ni baada ya kurudi kusoma mahojiano aliyoyatoa miezi michache kabla ya kifo chake ndipo nilipoelewa kwamba safari yake ya shuleni ilianza na uchungu wa mzazi.

Gogo alilieleza shirika la habari la Reuters mapema mwaka wa 2022 kwamba kitukuu wake alikuwa ameacha masomo baada ya kupata mimba. Alikasirika. Akamuuliza, kwa mzaha, kama kuna karo yoyote iliyobaki shuleni. Msichana akasema ipo. Basi, Gogo akamwambia, nitaitumia mimi.

Mzazi yeyote aliyewahi kulumbana na mtoto aliyekata tamaa atautambua mzaha huo. Ni ule unaousema ukiwa umeishiwa na maneno mengine, ukitumaini utachoma mahali. Gogo alitumaini msichana angeona haya, au angecheka, kisha arudi darasani. Hakurudi. Nyanya akaamua kwenda mwenyewe.

Shule aliyobisha hodi ni Leaders Vision Preparatory, hapo hapo Ndalat. Mara ya kwanza walimkatalia, na ukifikiria vizuri huwezi kuwalaumu sana. Nani angejua pa kumweka mwanafunzi anayekaribia miaka 90? Walipoona hana mchezo wakamkubali. Alilala bwenini na wasichana. Alisoma Hisabati na Kiingereza, akaimba, akaigiza, akatoka uwanjani kufanya mazoezi ya viungo pamoja na wenzake. Vilembwe wake sita, yaani watoto wa vitukuu, walisoma shule hiyo hiyo.

Ukimuuliza alikuwa nani kwa wanafunzi hao, jibu si moja. Alikuwa nyanya wa wote, na kwa wachache nyanya wa damu. Alikuwa mkunga wa mama zao. Lakini wao walipohojiwa walimwita rafiki. Aliwapa hadithi na mila za Wanandi, nao wakamsaidia pale masomo yalipomshinda. Wakipiga kelele darasani aliwanyamazisha, na nadhani hakuna mwalimu aliyepata utulivu kwa urahisi kama yeye.

Nje ya shule hakuacha kazi hiyo. Akimkuta mtoto njiani saa za masomo alimuuliza kwa nini hayuko darasani. Waliojibu kwamba umri umewapita aliwaambia kwamba yeye yuko shule, basi nao waende.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kenya ikiwa koloni la Uingereza, na hakupata nafasi ya kusoma utotoni. Alichojifunza ni ukunga, na aliufanya kwa zaidi ya miaka 65. Hebu fikiria ni usiku mara ngapi aligongewa mlango. Alikuwa akiamka gizani na kuvuka mashamba kwenda kwa mama mwenye uchungu kabla ya wengi wetu, na hata kabla ya wazazi wetu, kuzaliwa.

Hapa ni lazima niseme jambo kama mwandishi wa afya. Ninapoandika kuhusu wakunga wa jadi, mara nyingi huwa naandika kuhusu hatari. Mama anaweza kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua na kufariki kwa muda mfupi, na hakuna mikono, hata yenye uzoefu wa miaka 65, inayoweza kuchukua nafasi ya dawa, damu ya kuongezwa na chumba cha upasuaji. Ndiyo maana serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma mnamo Juni 2013, na ndiyo maana katika maeneo mengi wakunga sasa wanaombwa wawasindikize akina mama hospitalini badala ya kuwazalisha nyumbani. Msimamo wangu haujabadilika. Mama mjamzito aende kliniki, na siku ikifika ajifungulie hospitali.

Lakini kumbuka pia kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha ya Gogo, kwa mama wa kijijini hospitali ilikuwa mbali, barabara ni matope, na gari hakuna. Aliyekuwepo ni yeye. Kama nyanya yako alijifungua salama kijijini, yumkini kuna mwanamke kama Gogo aliyekuwa amepiga magoti mbele yake usiku huo.

Nilimpigia nyanya yangu simu wiki iliyopita nikamuuliza ni nani aliyempokea mama yangu alipozaliwa. Kwanza akacheka. "Kwani umeanza kufanya sensa?" Kisha akanieleza kwa karibu nusu saa. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu mchana. Jirani alitumwa kwa mkunga, akachelewa, na mkunga alipofika alikuwa ameloa hadi kiunoni. Kabla ya yote alidai maji ya moto, akaosha mikono mara mbili, akauliza kama kuna wembe mpya. Kulikuwa na mmoja, wa babu, haujafunguliwa. Nyanya alimtaja mwanamke huyo kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama fulani, kama ilivyo desturi. Jina lake mwenyewe hakulijua. Salio likaisha kabla sijauliza alipozikwa.

Cheti cha kuzaliwa cha mama yangu kina jina la kijiji, jina la baba na jina la mama. Aliyempokea hayumo.

Gogo aliliona pengo hilo. Miongoni mwa sababu alizotoa za kutaka kujua kusoma na kuandika, ya kwanza ilikuwa kuisoma Biblia mwenyewe. Nyingine ilikuwa kuwaachia wengine maarifa yake ya ukunga na ya miti shamba. Kichwa chake kilikuwa na vizazi kadhaa vya Ndalat, na hakuwa na njia ya kuvihamisha isipokuwa kwa mdomo. Kwa hiyo alianza pale ambapo kila mtu huanzia, kwenye herufi.

Hakuwa mzee wa kwanza nchini kufanya hivyo. Mwaka wa 2004, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo, mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Alifariki mwaka wa 2009. Maisha ya wote wawili yaliingia kwenye filamu. Ile ya Gogo, yenye jina lake, ilitengenezwa na Mfaransa Pascal Plisson, na umaarufu wake ulimkutanisha mkunga wa Ndalat na mke wa Rais wa Ufaransa, Brigitte Macron.

Hayo ni makubwa. Mimi bado namfikiria yule msichana. Sijui jina lake, na hata ningelijua nisingeliandika. Hakukosea peke yake, na mimba si mwisho wa masomo. Tangu mwaka wa 1994 sera ya Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka wa 2020 ulieleza utaratibu huo kwa kina. Mzazi ukiambiwa na mwalimu mkuu kwamba haiwezekani, mkumbushe mwongozo huo, na ukihitaji nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kinachowazuia wengi si sheria. Ni swali la nani atakaa na mtoto mchana, na ni maneno ya watu. La kwanza nyanya wengi nchini wanalitatua kila siku bila kulipwa. La pili Gogo alijaribu kulitatua kwa kuyavuta maneno hayo yote kwake, mwanamke wa miaka zaidi ya 90 akiwa na begi la shule mgongoni. Kama msichana wa miaka kumi na kitu angechekwa kwa kurudi darasani, nyanya yake angechekwa zaidi.

Katika mahojiano hayo ya 2022 alisema pia kwamba angependa kuwa daktari, kwa sababu alikuwa mkunga. Hakusema kwa mzaha safari hii.

Alipofariki alikuwa Gredi ya 6 na wenzake wa umri wa miaka 12 hivi, wakijiandaa kwa mtihani wa KPSEA, uliokuwa ukifanywa kwa mara ya kwanza nchini. Mtihani ulianza Jumatatu, Novemba 28, siku 12 baada ya kifo chake.