Gitaa la kasha: Namna ya kuzuia spika isipige yowe

FURAHA ya fundi aliyemaliza kutengeneza gitaa kwa kasha la biri huweza kukatishwa ndani ya sekunde chache. Huliunganisha na amplifaya, huongeza sauti kidogo, na kabla hajagusa hata uzi mmoja, spika huanza kunguruma, kisha hupiga yowe linalowafanya wasikilizaji wazibe masikio.

Magitaa hayo yana asili yake nchini Marekani katika karne ya 19, baada ya kuenea kwa makasha ya mbao ya kuhifadhia biri, yaani sigara nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa. Watu wasiomudu bei ya ala za dukani walichukua kasha tupu, kipande cha mbao na nyuzi chache, wakajitengenezea gitaa. Mwanamuziki wa bluzi Lightnin' Hopkins, mzaliwa wa Texas, alianza na ala ya namna hiyo utotoni.

Ala hizo za awali hazikutumia umeme. Yowe lilikuja pale mafundi walipoanza kuzifunga vinasa sauti.

Kimsingi, yowe hilo ni mrejeo wa sauti. Sauti ya spika hutikisa kifuniko cha kasha, kinasa sauti hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, amplifaya huukuza, na spika huutoa tena ukiwa na nguvu zaidi. Wataalamu huuita athari ya Larsen, kwa jina la mwanasayansi wa Denmark, Søren Larsen.

Ugumu uko hapa: wembamba wa kifuniko unaosababisha yowe ndio huohuo unaolipa gitaa sauti yake. Kwa hiyo, lengo si kulinyamazisha kasha, bali ni kuukata mzunguko.

Hatua ya kwanza ni kutambua chanzo. Fundi abonyeze kifuniko kwa kiganja wakati yowe likiendelea. Likikoma, kosa ni la kifuniko. Lisipokoma, akague kinasa sauti chenyewe na mahali kilipofungwa. Mvumo mdogo usiobadilika hata gitaa likiwa mbali na spika, lakini unaopungua mtu anapogusa sehemu ya chuma, si mrejeo. Huo aghalabu hutokana na waya wa ethi.

Tiba ya pili haina gharama: mpigaji asimame mbali na spika, wala asiielekezee uso wa gitaa.

Aidha, magitaa mengi ya kasha hutumia kisahani cha piezo, ambacho hunasa mtikisiko wa kitu kilichogusana nacho. Kikibandikwa moja kwa moja katikati ya kifuniko, hunasa kila kishindo, hata mkono unaposugua kasha. Ni afadhali kukifunika kwa gundi ya silikoni au kukibana kati ya vipande viwili vyembamba vya mbao, kisha kukisogeza karibu na ukingo au kwenye mbao ya shingo inayopita ndani ya kasha.

Yowe likiendelea, sponji au kitambaa kiwekwe ndani ya kasha, kidogo kidogo, kwa kujaribu kila mara. Kipande chembamba cha mbao kikigundishwa chini ya kifuniko hupunguza pia mtikisiko. Kwenye amplifaya, sauti nzito zipunguzwe ikiwa spika inanguruma, na sauti nyembamba zipunguzwe ikiwa inapiga yowe.

Kwa wanaotumia kinasa sauti cha sumaku na nyuzi za chuma, yowe jembamba huweza kutokana na waya uliolegea ndani ya koili. Dawa yake ni kuizamisha koili katika nta iliyoyeyushwa. Nta hiyo iyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa huwaka kwa urahisi.

Mnamo mwaka 1940 hivi, Les Paul wa Marekani alitumia gogo lisilo na uwazi ndani kutengeneza gitaa la umeme, na tatizo la mrejeo likapungua sana. Hata hivyo, gogo halina sauti ya kasha. Fundi anayeshindilia sponji hadi kasha lijae huishia palepale. Inatosha kukoma pale yowe linapokoma.