Marekani: Wimbo wa kwanza wa Nirvana ulitungwa na wengine

Kundi la Nirvana, kutoka jimbo la Washington, lilitoa sahani yake ya kwanza mwezi wa Novemba 1988. Wimbo wenyewe, « Love Buzz », ulikuwa wa Shocking Blue, wanamuziki wa Uholanzi. Mwimbaji Kurt Cobain alitaka waanze na utunzi wao, lakini kampuni ya Sub Pop ya Seattle ikachagua huo. Tena zilitengenezwa sahani 1.000 tu, kwa ajili ya wanachama waliolipa mapema.

Upande wa pili kukawekwa « Big Cheese », wimbo wao wenyewe. Cobain alieleza baadaye kwamba ulimlenga mkubwa mmoja wa Sub Pop. Mwaka 1991, kwenye kampuni nyingine, albamu « Nevermind » ilibeba nyimbo zao wenyewe, ikauzwa kwa mamilioni.