Akiba Iliyo Chini ya Majani

Kila mwaka mwezi wa Juni ufikapo, mvua hukoma katika nchi ya Kasongo na Kabambare, na mara twaona moshi ukipanda huku na huku. Mbuga zateketezwa: huyu awinda ndezi, yule ataka majani mabichi kwa ng'ombe na mbuzi wake. Baada ya siku chache majani mororo huchipuka, nasi twafurahi. Lakini je, tumepata faida, au tumekula akiba yetu?

Na tutazame chini ya nyasi. Jani huvuta kutoka hewani kitu kiitwacho kaboni, ndiyo asili ya makaa tupikiayo, na sehemu yake huipeleka mizizini. Mizizi ikifa huoza ikawa mboji. Mboji hushika maji na kurutubisha ardhi. Tena huizuia kaboni isirudi upesi hewani, ambako imezidi na kuongeza joto la dunia. Udongo wa dunia una kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote pamoja.

Nyasi zikiliwa kisha zikapumzishwa, mizizi hupata nguvu. Bali zikiliwa kila siku, au zikichomwa mwishoni mwa kiangazi mwaka baada ya mwaka, mizizi hudhoofika na ardhi hubaki uchi. Mvua zirudipo huukokota udongo mpaka mto Luama, na Luama huupeleka Lualaba. Ndipo ng'ombe wenye njaa huingia mashamba ya mihogo, na ugomvi wa majirani huanza.

Wasukuma wa Shinyanga, katika Tanzania, waliyajua mashaka hayo. Miti yao ilikatwa kwa wingi ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata nchi ikawa kame. Lakini wazee walikuwa na desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zianzapo, hufunguliwa wakati wa kiangazi. Mwaka 1986 serikali ilianza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ikaifufua desturi hiyo. Wakati ule ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Nyasi zilirudi, na pamoja nazo kuni, asali na dawa. Kilichozilinda hasa ni mapatano ya wanakijiji: aliyelisha humo kwa siri alitozwa faini.

Nchi yetu hupata mvua nyingi kuliko Shinyanga, basi tusikate tamaa. Tugawe malisho sehemu tatu au nne, tuwahamishe wanyama kabla nyasi hazijaisha, na tufyeke njia za kuzuia moto. Lakini kwanza mkulima, mfugaji na mwindaji waketi pamoja, kwani moto wa mmoja huunguza kazi ya wote.

Wahenga walisema: akiba haiozi. Hii ya mizizi huoza, na kwa kuoza kwake yazidi kuwa mali.