Sukari Imeshuka, Mafuta Je?

Wagonjwa wengi wa kisukari Meru na Embu huondoka kliniki na namba moja kichwani: ile ya glukometa baada ya kuchomwa kidole. Ikisoma 6, mtu hufunga kijitabu chake na kurudi shambani moyo mweupe. Namba hiyo ni muhimu, lakini haisemi lolote kuhusu mafuta yaliyo katika damu hiyo hiyo, na kinachowaua wengi wenye kisukari ni maradhi ya moyo na mishipa.

Insulini haishughuliki na sukari peke yake. Huzuia pia mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yasimwagike ovyo kwenye damu. Katika kisukari cha aina ya 2 mwili hauitii vizuri, mafuta yanatoka, yanafika kwenye ini, nalo linayarudisha kwenye damu yakiwa trigliseridi. Hapo kolesteroli nzuri, HDL, hushuka. Ile mbaya, LDL, huwa chembe ndogo ndogo zinazopenya ukuta wa mshipa na kujirundika humo miaka mingi, hata kama kipimo chake kinaonekana cha kawaida. Siku rundo hilo likipasuka, damu huganda na kuziba njia. Na kwa kuwa kisukari huharibu neva, mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua: jasho jingi tu, uchovu, pumzi kukatika.

Huku kwetu kuna la ziada. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere vina kathinoni, inayoharakisha mapigo ya moyo, kupandisha presha na kubana mishipa. Wengi huvitafuna wakishushia soda. Zao hili limesomesha watoto wetu, nami simwambii mkulima ang'oe miti. Namwambia mgonjwa wa kisukari aache kutafuna.

Dawa ipo. Utafiti wa CARDS, uliochapishwa 2004, ulihusisha wagonjwa 2,838 wa kisukari wa Uingereza na Ireland ambao LDL yao haikuwa juu. Miligramu 10 kwa siku za atorvastatini, mojawapo ya dawa za statini zinazoshusha kolesteroli, zilipunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 37.

Kwa hiyo, ukiwa na kisukari na umetimiza miaka 40, usingoje kuambiwa. Omba upimwe mafuta na presha, na umuulize daktari kama unahitaji statini. Ukiandikiwa, usiiache kwa sababu tu unajisikia mzima.